Ruthu wa Bonde la Darent

Karibu mwaka 1828, katika kijiji cha Shoreham kilichopo bonde la mto Darent, mkoani Kent nchini Uingereza, kijana aliyeitwa Samuel Palmer alimchora Ruthu Mmoabu akirudi kutoka kuokota masazo, yaani masuke yanayobaki shambani baada ya mavuno. Alitumia kalamu, wino na rangi ya kahawia iliyoyeyushwa kwa maji, kisha akaongeza nyeupe pale alipotaka mwanga ukae. Alikuwa na umri wa miaka 23 hivi. Hakuwa amefika Palestina, na katika maisha yake yote, yaliyoishia mwaka 1881, hakufika. Bethlehemu aliyoijua ni ile aliyoisoma katika Biblia, na mashamba ya nafaka aliyoyajua ni yale ya Kent. Picha hiyo sasa ni mali ya makumbusho ya Victoria and Albert mjini London. Katika miaka niliyoishi katika mji huo nimekwenda kuitazama mara kwa mara, nayo imenifundisha kuhusu kitabu cha Ruthu mambo ambayo mahubiri mengi niliyoyasikiliza, yaliyokuwa mazuri na ya dhati, hayakuyagusa.

Picha za rangi ya maji haziachwi ukutani mwaka mzima kama zile za rangi ya mafuta, kwa sababu mwanga huzidhuru: rangi hupauka, karatasi hubadilika, na kilichokwisha kupauka hakirudi. Wahifadhi huzionyesha kwa muda mfupi chini ya mwanga hafifu, ambao kwa kawaida hupimwa usizidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), na muda mwingine wote huzilaza gizani katika masanduku. Anayetaka kuziona huandika maombi mapema, huacha mkoba na kalamu ya wino mlangoni, hunawa mikono, kisha huletewa sanduku mezani. Utaratibu huu huwakatisha wengi tamaa, lakini mimi niliupenda tangu mwanzo, kwa kuwa humfanya mtu akae na picha moja kwa saa nzima badala ya kupita haraka mbele ya picha mia moja. Ukiinama juu ya karatasi unaona mahali kalamu ilipobonyezwa na mahali ilipoteleza tu. Unaona tabaka la kwanza la rangi lilivyoachwa likauke kabla la pili halijapakwa juu yake. Unaiona ile nyeupe, nzito, isiyopitisha mwanga, ilivyokaa juu ya kahawia. Ni vigumu sana kufuta katika kazi ya namna hii. Karatasi ikishainywa rangi imeinywa, na mkono uliosita utaonekana umesita hata baada ya miaka 200.

Kinachomvuta mtazamaji kwanza ni mwili wa Ruthu. Palmer hakumchora mjane mnyonge anayetembea ameinamisha kichwa. Alimpa mwili mkubwa wenye misuli, wa aina aliyoipenda katika kazi za Michelangelo na za wachoraji wa London waliomfuata Michelangelo, na akampa hatua ya mtu ambaye amechoka lakini nguvu bado anazo. Mandhari ya bonde yapo nyuma yake, ila yeye ndiye anayeitawala karatasi. Mara ya kwanza nilidhani ukubwa huo ni ujana tu wa mchoraji, hamu ya kuonyesha kwamba na yeye anaweza kuchora mabega na mapaja kama mabwana wa zamani. Sehemu ya sababu huenda ikawa hiyo. Lakini kadiri nilivyozidi kuitazama ndivyo nilivyozidi kuona kwamba alikuwa amesoma vizuri, maana mwanamke aliyefanya kile ambacho sura ya pili ya kitabu cha Ruthu inasema alikifanya kwa siku moja hawezi kuwa dhaifu.

Ili kuona jinsi uamuzi huo ulivyokuwa wa pekee, inafaa kukumbuka picha za rangi ya maji za Uingereza zilitoka wapi. Katika karne ya 18 zilikuwa kazi ya kusaidia kazi nyingine. Paul Sandby, ambaye wengi humhesabu miongoni mwa waanzilishi wa mtindo huo, alianza kazi kama mchoraji wa upimaji wa kijeshi katika nyanda za juu za Scotland baada ya uasi wa mwaka 1745. Wengine walichora majumba ya matajiri, magofu ya makanisa, na miji ambayo wasafiri walitaka kuikumbuka. Chuo cha kifalme cha sanaa kiliheshimu zaidi picha za mafuta, hasa zile za historia na za Maandiko, na ndiyo maana wachoraji wa rangi ya maji waliunda chama chao wenyewe mwaka 1804. Mtu aliyetaka kuyapa mandhari heshima aliweka ndani yake tukio dogo la Biblia, kwa kumfuata Claude Lorrain, mchoraji Mfaransa wa karne ya 17, ambaye picha zake matajiri wa Kiingereza walizinunua kwa shauku. Safari ya Yusufu na Mariamu kwenda Misri ilipendwa sana kwa kazi hiyo: watu watatu na punda, wadogo kama sisimizi, chini ya miti mirefu yenye mwanga wa jioni. Watu hao wangeweza kuondolewa na picha isipungukiwe. Ruthu wa Palmer haondoleki.

Palmer alizaliwa Januari 1805 katika kitongoji cha Newington, London, mtoto wa muuza vitabu, katika nyumba ya Kibaptisti ambamo Biblia ilisomwa kwa bidii. Akiwa na miaka 14 tu picha zake zilikubaliwa katika maonyesho ya chuo cha kifalme. Mwaka 1822 alikutana na mchoraji John Linnell, na mwaka 1824 Linnell akampeleka kwa William Blake, mshairi na mchoraji mzee ambaye wakati huo alikuwa akichonga kwenye shaba michoro yake ya kitabu cha Ayubu. Nadhani mkutano huo ndio uliomtoa Palmer katika njia ya kawaida. Blake aliamini kwamba Maandiko yanatokea sasa, katika mitaa ya watu wanaoishi, wala hayahitaji kusafirishwa hadi nchi ya mbali ili yawe ya kweli. Blake alifariki Agosti 1827, na Ruthu alichorwa muda mfupi baada ya hapo, wakati Palmer na rafiki zake kina George Richmond na Edward Calvert walikuwa wakikutana Shoreham, wakisoma mashairi na kutembea usiku katika vilima.

Kabla ya Ruthu alikuwa amekwisha kufanya kazi nyingine ambayo imenisaidia kumwelewa. Mwaka 1825 alichora picha sita kwa rangi ya sepia, ile kahawia inayotokana na wino wa ngisi, akaichanganya na ulimbo wa mgunga na kuzipaka vanishi. Picha hizo zimo katika makumbusho ya Ashmolean mjini Oxford. Mojawapo inalichukua neno la Zaburi ya 65, mahali panaposemwa kwamba mabonde yamevikwa nafaka, yanashangilia na kuimba. Ndani yake kuna mtu mmoja amejilaza katikati ya mazao, anasoma kitabu, huku mwezi ukiwaka na miganda ikiwa imesimamishwa shambani. Ni picha yenye furaha nzito, na ninaipenda. Hata hivyo aliyetulia ndani yake ni msomaji. Kazi ya kuvuna ipo mbali, imekwisha kufanywa, na mikono iliyoifanya haikuchorwa kwa ukaribu. Miaka mitatu baadaye, katika bonde hilohilo, Palmer akamleta mbele mtu anayebeba, na kwangu mimi hapo ndipo Zaburi yenyewe ilipotimia, kwa sababu bonde lililovikwa nafaka halimlishi mtu yeyote mpaka ainuke wa kuikata, wa kuifunga na wa kuibeba kwenda nyumbani.

Nasema hivi kwa kuwa nimeokota. Nilikulia katika vijiji vilivyo chini ya mashamba makubwa ya ngano na shayiri ya West Kilimanjaro, na mavuno yalipokuja sisi watoto tuliwafuata mama zetu nyuma ya kombaini. Mashine hiyo hukata kwa haraka na kwa usafi kwenye tambarare, lakini pembeni inapogeuka, kwenye mabonde madogo, na pale ambapo upepo umeyalaza mazao, huacha masuke. Wanawake walisubiri barabarani hadi msimamizi wa shamba atoe ruhusa. Wapo wasimamizi waliotoa ruhusa mapema, wapo waliosubiri hadi ng'ombe wa shamba wapite kwanza, na wapo waliotufukuza kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Tukiruhusiwa tuliingia kwa mstari. Mabua yaliyokatwa huchoma vifundo vya miguu, na baada ya saa moja ngozi inakuwa na mikwaruzo inayowasha kwa jasho. Kila mwanamke alifunga kanga kiunoni ikawa kama mfuko, na alipoujaza alikwenda kuumwaga kwenye lundo lake, mahali alipomwacha mtoto mdogo wa kulinda. Jioni masuke yalipurwa kwa fimbo juu ya turubai, yakapepetwa kwa ungo upepo ulipoanza kuvuma kutoka mlimani, na kilichobaki kilitiwa ndani ya gunia, kikabebwa kichwani.

Basi, Biblia inasema kwamba Ruthu aliokota hadi jioni, akayapura yale aliyoyaokota, nayo yakapata kama efa moja ya shayiri. Nilipokuwa mtoto kanisani neno hilo lilipita masikioni mwangu bila kuacha chochote, kama yanavyopita majina ya vizazi. Nilipokaa London na ile picha mbele yangu, nikijiuliza kwa nini kijana huyu alimpa Ruthu mwili ule, ndipo nilipotafuta efa ni kiasi gani. Wataalamu wengi huikadiria kuwa lita 22 hivi, yaani ni debe moja lililozidi kidogo. Mtu yeyote aliyewahi kuokota atasimama hapo. Debe zima la nafaka iliyokwisha kupurwa, kwa siku moja, kwa mikono ya mtu mmoja mgeni asiyelijua shamba! Kwetu mwanamke hodari aliyepata nusu ya hiyo alirudi akiimba. Kiasi hicho hakipatikani kwa bidii peke yake, na msimulizi wa kitabu hicho anajua hivyo, kwa kuwa mstari mmoja kabla ametuambia kwamba Boazi, mwenye shamba, aliwaagiza vijana wake wachomoe masuke makusudi kutoka katika matita na kumwachia ayaokote, tena wasimkemee.

Kisha anakuja Naomi, na hapa ndipo ninapoona kwamba hadithi hii ilisimuliwa kwanza na watu walioijua kazi. Naomi anaona mzigo. Ruthu hajasema lolote kuhusu shamba wala mwenye shamba, lakini mama mkwe anamuuliza papo hapo ameokota wapi leo, na anambariki mtu aliyemwangalia. Amejuaje kwamba kuna aliyemwangalia? Amejua kwa kuutazama mzigo. Mama yangu angejua vivyo hivyo. Alikuwa akitazama gunia la jirani anayepita njiani na kusema kimya kimya, "Huyu leo ameingia shamba la juu," na alikuwa sahihi. Mzigo wa mwokotaji husema amepitia kwa nani, ameruhusiwa saa ngapi na ametendewaje. Nadhani ndiyo sababu kichwa cha picha ya Palmer kinataja kurudi. Wachoraji wengi waliomchora Ruthu walimpenda zaidi akiwa kondeni, ameinama mbele ya Boazi, mwenye shamba amenyoosha mkono. Hiyo ni picha ya hisani. Palmer alichagua saa ambayo Boazi hayupo tena na uzito wote uko juu ya mwanamke.

Kuna jambo jingine ambalo sikulielewa hadi nilipokuwa mtu mzima. Boazi anasema amewaagiza vijana wasimguse Ruthu, na usiku ule Naomi anamwambia mkwewe akae pamoja na wasichana wa Boazi, asije akaudhiwa katika shamba jingine. Sisi tulikatazwa kabisa kwenda kuokota peke yetu. Tulienda kwa kundi, tukarudi kwa kundi, na msichana aliyebaki nyuma kufunga mzigo alisubiriwa hata kama giza lilikuwa linaingia. Hatukuelezwa sababu, na hatukuuliza. Watu wa kitabu cha Ruthu walikuwa wakisema waziwazi kile ambacho kwetu kilisemwa kwa amri tu, na tangu nilipokitambua nimekuwa nikiusoma ule mwili wenye nguvu wa kwenye picha kwa namna nyingine pia: ni mwili wa mtu aliyefika nyumbani salama.

Haki ya mwokotaji imeandikwa katika Torati mara tatu, kwenye kitabu cha Walawi sura ya 19 na ya 23, na kwenye Kumbukumbu la Torati sura ya 24. Mwenye shamba asivune pembe za shamba lake hadi mwisho, na mganda aliousahau asirudi kuuchukua. Ni wa maskini, wa mgeni, wa yatima na wa mjane. Ruthu alikuwa watatu kati ya hao kwa pamoja. Kwa karne nyingi desturi kama hiyo iliishi pia katika vijiji vya Uingereza. Sehemu nyingi kengele ya kanisa ilipigwa asubuhi ili wanawake na watoto waingie shambani kwa wakati mmoja, asionewe aliye mbali au aliye na mtoto mchanga, ikapigwa tena jioni. Mwenye shamba aliyekuwa hajamaliza kusomba aliacha mganda mmoja umesimama, na wote walijua kwamba mganda ule ukiwapo ruhusa bado. Nafaka iliyookotwa ilikuwa mkate wa familia kwa wiki nyingi za baridi.

Halafu mwaka 1788, katika kesi kati ya James Steel na Mary Houghton, mwanamke aliyeokota masazo katika shamba la Steel huko Timworth mkoani Suffolk, mahakama iliamua kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kuokota kwa mujibu wa sheria ya nchi. Majaji watatu waliona hivyo, mmoja alipinga. Maneno ya Walawi yalitajwa mbele yao, nao wakasema sheria ya Musa haiifungi mahakama ya Uingereza. Tangu hapo kuokota kuliendelea kama hisani, na mahali pengi kuliendelea kwa muda mrefu sana, kwa sababu wanawake walikataa kuacha na majirani waliwaunga mkono. Lakini mwenye shamba aliyetaka kuwafukuza alikuwa na karatasi ya mahakama mkononi. Palmer alimchora Ruthu miaka 40 baada ya hukumu hiyo. Nilipozijua tarehe hizi mbili sikuweza tena kuitazama picha ile kama mandhari ya kupumzisha macho. Mwanamke yule katika bonde la Darent amebeba kitu ambacho Torati ilimpa kuwa haki yake na ambacho mahakama ya nchi yake ilikwisha kusema si haki yake.

Sijui kama Palmer aliyafikiria mambo haya alipochora, na siwezi kumwekea kinywani maneno asiyoyasema. Kinachojulikana kinauma. Usiku wa tarehe 28 Agosti 1830, huko Lower Hardres karibu na Canterbury, katika mkoa huohuo wa Kent, vibarua wa mashambani walivunja mashine ya kupuria, na kutoka hapo ghasia zikasambaa kusini yote ya Uingereza. Kupura kwa mkono kulikuwa kazi ya majira ya baridi. Mashine ilipoichukua, kibarua alibaki miezi kadhaa bila ujira, na ndiyo sababu hasira iliielekea mashine kabla ya kumwelekea mtu. Malundo ya nafaka yalichomwa moto. Palmer, aliyekuwa na urithi mdogo kutoka kwa babu yake na ambaye hakuwa akitegemea ujira wa shamba, alitishwa na moto ule, na mwaka 1832 alichapisha kijitabu akiwahimiza wapiga kura wa West Kent wamchague mgombea wa Tory, chama cha wahafidhina, na kulilinda kanisa lao. Aliamini kwa moyo wote kwamba mpangilio wa zamani wa kijiji, wenye kanisa katikati na mavuno pembeni, ulikuwa unabomolewa na wavunjaji. Mimi naamini ulikuwa umekwisha kubomolewa na watu waliokaa juu zaidi, walioweza kuandika hukumu, na kwamba waliowasha moto walikuwa watoto wa wale waliofukuzwa kwenye masazo.

Kwa muda nilitaka kumkataa Palmer kwa sababu hiyo. Nilishindwa, kwa kuwa picha inaona zaidi ya kijitabu. Alipoandika kama mpiga kura aliona moto. Alipochora kama msomaji wa Biblia aliona mzigo, na mkono wake ukampa mwokotaji maskini ukubwa ambao wachoraji wengine waliuhifadhi kwa ajili ya manabii na wafalme. Nimejifunza hapo kuitazama picha pamoja na nchi iliyoizaa bila kuiachia moja imeze nyingine. Uzuri wa Ruthu haufuti hukumu ya mwaka 1788, wala hukumu ile haimfanyi Ruthu kuwa uongo.

Nimekuwa nikiongoza kipindi cha kujifunza Biblia kwa Kiswahili katika usharika mdogo wa watu wa Afrika Mashariki na Kongo wanaoishi London, wengi wao wakifanya kazi za usafi, za kutunza wazee na za jikoni. Nilipowaletea nakala ya picha hii tulikuwa tunasoma sura ya pili, na niliwaomba kwanza watazame bila kusema, kisha wanieleze huyu mwanamke ni nani na anatoka wapi. Kijana mmoja kutoka Bukavu alisema anatoka zamu ya usiku. Wengine walicheka, lakini yeye hakuwa akitania. Alisema anaujua mwendo huo, ni wa mtu ambaye miguu imekwisha ila nyumbani kuna wanaomsubiri. Tukazungumza kwa muda mrefu kuhusu mambo ambayo kila mmoja ameruhusiwa kuyapata kwa hisani ilhali yalistahili kuwa haki yake: karatasi za ukaazi, siku ya mapumziko, mshahara wa saa za ziada. Sijawahi kuona sura hiyo ikisomwa kwa makini kiasi kile. Wakati mwingine huwaonyesha pia ile picha nyingine ya Palmer, ya familia takatifu ikipumzika njiani kuelekea Misri, aliyoipaka kwa rangi ya mafuta na tempera (rangi ambayo kwa kawaida huchanganywa na yai) miaka michache kabla ya Ruthu, ambamo mtende umesimama kati ya vilima vya Kent kana kwamba umeota hapo siku zote. Mtende huo huwapendeza sana. Wanauona mara moja kuwa ni mgeni, na wanaona umepokewa.

Katika kipindi kile cha Ruthu alikuwapo mama mmoja mzee kutoka Kyela, ambaye husema kidogo. Alivaa miwani, akaichukua nakala, akaisogeza karibu na dirisha, akauliza, "Mwanangu, na ile bisi ya Naomi iko wapi?" Tulikuwa tumeisahau. Mchana, wakati wa chakula, Ruthu alipewa nafaka iliyokaangwa, akala akashiba, akasaza; na alipofika nyumbani alimpa mama mkwe kile alichokisaza, mbali na ile efa ya shayiri. Nilimjibu kwamba sijaiona kwenye picha. Akasema kwamba isingeonekana, kwa sababu mtu hachanganyi chakula na mavuno mabichi, na mikono ilikuwa imejaa. Akasimama, akavuta pindo la kanga yake, akafunga fundo dogo kama tunavyofunga hela za sokoni, akalichomeka kiunoni, kisha akatembea kutoka dirishani hadi mlangoni akiwa amejitwika mkoba wake kichwani ili atuonyeshe kwamba fundo halifunguki. Yule kijana wa Bukavu akabisha kuwa bisi zingepondeka. Wakabishana hadi mlinzi wa ukumbi alipokuja kutuomba funguo, na juma lililofuata, tulipofika sura ya tatu, ambako Boazi anampimia Ruthu vipimo sita vya shayiri ndani ya shela yake, ubishi wa fundo ulianza upya pale ulipokuwa umeachwa.